Kichwa Kinapasuka Juu Umeacha Kahawa? Cheki Venye Utatoboa

Jumamosi, saa sita mchana. Jana hukugusa pombe. Ulilala mapema kama mtoto wa bweni, ukaamka bila alamu, hakuna mathree ya kukimbilia, hakuna bosi. Halafu polepole kichwa kinaanza kugonga nyuma ya macho, kama jirani anayepigilia misumari ukutani. Kufika saa tisa mwili ni mzito, hutaki kubonga na mtu, hata zile meme za mbogi hazikuchekeshi. Unaanza kushuku malaria. Mathako kwa simu anasema ni maji hunywi. Mwenzako wa keja anasema ni simu unaangalia sana.

Hakuna hata mmoja amekuuliza swali la maana: kahawa ya mwisho ulikunywa lini?

Ilikuwa jana saa kumi jioni, ofisini. Siku za kazi, saa mbili asubuhi ungekuwa umeshaongeza nyingine. Leo umelala, umekula chapo na maharagwe, na kahawa hukukumbuka. Mwili umekumbuka.

Kabla useme hii ni stori ya wale wasee wa kukaa Java na laptopu, ngoja. Kitu inaongelewa hapa ni kafeini, na hiyo iko kwa kahawa ya mbao ya mzee wa thermos, iko kwa strungi, iko kwa chai ya maziwa, iko kwa soda nyeusi, na iko kwa ule mkebe wa enaji unanunua kwa duka la chini ukienda kusoma usiku au kupiga nduthi mpaka saa tisa. Nchi yetu ni ya maajabu kidogo: kahawa tamu ya Nyeri na Kirinyaga nyingi inapanda meli Mombasa inaenda kuamsha watu wa majuu, sisi tunabaki na chai. Lakini kafeini bado tunaipata, na wengi hatujui tunaipata ngapi.

Mimi nilijua nikiwa nimechelewa. Nilikuwa napiga shifti ya usiku, ile mboka ya kuandikia wateja wa Marekani mtandaoni, ambao mchana wao ndio usiku wetu. Siku yangu ilienda hivi: kahawa mbili za stejini, nyeusi na tangawizi, mbao kila kikombe. Nyingine mbili kejani, zile za kupakiti, ashu kila moja. Ikifika saa nane usiku macho yakitaka kufunga shughuli, mkebe wa enaji, soo moja. Piga hesabu: 160 kwa siku, siku 26 za kazi, ni 4,160 kwa mwezi. Na mimi ndio yule wa kulia ati Kenya Power wanakula tokeni zangu haraka.

Doh haikunifanya niache, tusidanganyane. Usiku mmoja, kama saa kumi alfajiri, moyo ulianza kudunda hadi nikausikia kwa mto. Mikono inatetemeka, usingizi hakuna, na kazi yenyewe nimeandika ovyo nusu ukurasa. Nikasema kesho sigusi. Kuacha kabisa, kiume, siku moja.

Siku ya kwanza nilijiona shujaa. Siku ya pili nilikuwa kwa mathree naenda tao, besi inatoka chini ya kiti, na kila inapopiga nasikia kama mtu ananikanyaga kichwa. Nilishuka steji tatu kabla ya yangu. Nikaingia kemisti ya kwanza niliyoona. "Daktari, nisaidie dawa ya kichwa, ile kali." Yule siste akanipa tembe mbili, nikameza hapo hapo na maji ya chupa. Baada ya nusu saa, kichwa kimeisha. Si kupungua, kuisha! Nikawa mchangamfu, nikapigia watu simu. Usiku nikakaa macho mpaka saa nane.

Kesho yake ndio niligeuza pakiti nikasoma nyuma. Kila tembe: parasetamoli miligramu 500, kafeini miligramu 65. Mara mbili, hiyo ni 130. Nilikuwa nimenunua kahawa ya kumeza.

Hii si siri ya mtu, imeandikwa kwa pakiti. Panadol Extra, kwa mfano, ina hiyo kafeini ya 65. Panadol ya kawaida haina. Kafeini inawekwa juu inasaidia dawa ya maumivu kufanya kazi vizuri zaidi, na kwa kichwa cha kawaida hakuna ubaya. Lakini kama unaacha kafeini na unameza hizo kila ukiumwa, hujaacha chochote, umebadilisha kikombe tu. Mbaya zaidi, ukizoea kumeza dawa za kichwa siku nyingi za mwezi, zenyewe zinaweza kuanza kuleta maumivu ya kichwa. Ukienda kemisti, sema wazi unataka parasetamoli tupu.

Kwani huko ndani kunaendaga nini?

Ukiwa macho, ubongo wako unakusanya kitu inaitwa adenosini. Kadiri siku inavyosonga, ndivyo inavyojaa. Kazi yake ni kukuambia umechoka. Sasa chukulia ubongo ni mathree na adenosini ni abiria anayetafuta kiti. Akikaa, usingizi unakuja. Kafeini inafanana na huyo abiria sana, kwa hivyo inaingia na kukaa kwa kiti chake. Haifanyi kazi ya adenosini, imekalia kiti tu. Abiria halisi wanabaki stejini wakisukumana, na wewe unajiona uko fiti.

Angalia vizuri: uchovu haujaenda mahali. Umefungiwa nje. Kahawa haikupi nguvu, inakukopesha, kama Fuliza, na usiku au kesho lazima ikatwe.

Ukifanya hivyo kila siku, ubongo unashtuka. Unaona abiria wengi hawapati nafasi, unaongeza viti. Ndio maana kikombe kimoja kilichokuwa kinakuwasha ukiwa kidato cha nne, leo hakikushtui, unahitaji vitatu ndio uwe mtu wa kawaida. Halafu siku moja unaacha ghafla. Viti ni vingi, wazi vyote, na adenosini inaingia kwa fujo kama abiria wa jioni mvua ikinyesha tao. Hapo ndio mwili unakuwa kama gunia la viazi. Na kichwa? Kafeini hubana mishipa ya damu ya ubongo. Ikitoka, mishipa inafunguka, damu inapita kwa wingi kuliko ulivyozoea, na kichwa kinagonga. Si laana, si jicho la jirani.

Na si kujifanya pia. Mwaka 2013, kitabu kikubwa ambacho madaktari wa akili wa Marekani wanatumia kupima wagonjwa kiliingiza kuacha kafeini kama hali inayotambuliwa kabisa. Kabla ya hapo, mwaka 2004, watafiti wawili, Laura Juliano na Roland Griffiths, walikuwa wamepitia tafiti 66 za hii mambo. Waliona kwamba karibu nusu ya watu wakiacha wanaumwa kichwa. Na kitu ilinishtua mimi: huhitaji kuwa mlevi wa kahawa. Hata miligramu 100 kwa siku, ukizizoea, zinatosha kukutesa ukiziacha. Hiyo ni kama kikombe kimoja kizuri cha kahawa ya kuchemsha, au vikombe viwili vya chai.

Wacha tuhesabu kidogo hapo. Kahawa ya unga wa kupakiti kikombe kimoja huwa karibu miligramu 60, ya kuchemsha au ya mashine inaweza kufika 95 na kupita. Chai ni kama 40 hadi 50, na strungi ikiachwa ichemke sana inapanda. Red Bull ndogo ya mililita 250 ina 80. Mikebe mikubwa ya enaji inatofautiana, soma ubavuni, na uangalie kama wameandika kwa kila mililita 100 au kwa mkebe mzima, juu hapo ndio wasee wengi hujichocha. Kipimo kinachotajwa na wataalamu wa Ulaya na Marekani kwa mtu mzima mwenye afya ni kama 400 kwa siku, na mwenye ujauzito anashauriwa asipite 200. Mimi na ile ratiba yangu ya vikombe vinne na mkebe nilikuwa nacheza karibu na hapo au juu yake, na zaidi ya nusu ilikuwa inaingia baada ya jua kuzama.

Ratiba ya mateso

Ukiacha ghafla, mambo huanza kati ya saa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho. Yanapanda juu kabisa kati ya saa ya 20 na ya 51, yaani siku ya pili na ya tatu ndio moto wenyewe. Kisha yanashuka, na kwa watu wengi yanaisha ndani ya siku 2 hadi 9. Kichwa ndio maarufu, lakini kuna uchovu, usingizi wa mchana, hasira za bure, kukosa raha, kushindwa kuweka akili mahali pamoja. Wengine wanasikia kichefuchefu na viungo kuuma kama homa. Na kwa sababu kahawa huamsha tumbo pia, choo chako cha asubuhi kinaweza kugoma siku kadhaa. Hakuna mtu huongea hii lakini ni ukweli, kula matunda na sukuma.

Ukijua hii ratiba utaelewa mambo mengi. Ile siku ya kwanza ya mfungo, uwe unafunga Ramadhani au ule mfungo wa kanisa wa Januari, kichwa kinapopasuka mchana si lazima iwe njaa au vita vya kiroho, mara nyingi ni kahawa imekosekana. Wanaojua hupunguza wiki moja au mbili kabla ya mfungo kuanza. Hata mtu anayeenda kufanyiwa opareshoni, akiambiwa asile wala asinywe tangu usiku, anaweza kuamka na kichwa kikali kisichohusiana na kisu.

Basi unaacha aje? Si kama mimi mara ya kwanza. Siku ya nne nilirudi kwa mzee wa thermos nikapiga vikombe viwili nikiwa nimesimama, nikasikia mwili wote unashukuru, na nikajichukia kidogo.

Mara ya pili nilienda pole pole, na hapo ndio ilifanya. Kwanza niliandika kwa simu kila kitu nakunywa kwa siku tatu bila kubadilisha chochote, hadi chai ya mathe nikienda ocha. Halafu nikaanza kukata kwa nyuma, yaani kile cha usiku zaidi ndio kinatoka kwanza. Mkebe wa enaji wa saa nane usiku ulikuwa wa kwanza kuenda. Siku tatu nikakaa hapo. Kisha kahawa ya pili ya kejani ikawa nusu pakiti, siku tatu nyingine, kisha ikaisha. Ukipunguza kama robo ya jumla kila baada ya siku mbili tatu, kichwa kinanung'unika lakini hakipasuki. Yote ilinichukua karibu wiki tatu. Najua wiki tatu inakaa mrefu, lakini kumbuka kwa njia ya kiume nilidumu siku tatu pekee.

Kikombe chenyewe kilikuwa kinanikosa kuliko kafeini. Kushika kitu moto, kuwa na sababu ya kusimama kutoka kwa kiti. Nikaweka maji moto na tangawizi na ndimu ndani ya kikombe kile kile. Haikuwa kahawa, sitakudanganya, lakini mkono ulitulia. Kahawa iliyotolewa kafeini iko kwa supamaketi pia, na bado ina kafeini kidogo sana ndani, si sifuri. Maji kunywa, yanasaidia, ingawa hayatibu kiu ya kafeini. Kutembea dakika ishirini jua la asubuhi kulinisaidia zaidi ya maji.

Kile kitu hakuna mtu aliniambia ni kuhusu wakati. Kafeini hukaa mwilini. Nusu yake ndio imetoka baada ya saa kama tano hivi, nyingine bado inazunguka. Kuna utafiti wa 2013 ulioonyesha kwamba kipimo kikubwa, miligramu 400, kikichukuliwa saa sita kabla ya kulala bado kilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Kwa hivyo ile kahawa ya saa kumi na moja jioni ndio inakufanya uamke umechoka, na umechoka ndio unaihitaji asubuhi. Unakunywa kahawa kutibu kahawa.

Na hiyo saa tano si ya kila mtu. Wanaotumia tembe za kupanga uzazi, kafeini huwakalia karibu mara mbili ya hapo. Mwenye mimba kubwa ndio zaidi. Wavuta fegi huichoma haraka, na hapa kuna mtego: ukiacha fegi na kahawa ubaki vile vile, kafeini itapanda mwilini na utaanza kutetemeka na kukosa usingizi, ukidhani ni fegi imekukosa. Ukiacha fegi, punguza kahawa pia, lakini usiache zote siku moja kama hutaki kugombana na mtaa mzima. Na wewe unayeniuliza kama muguka inaweza kushika nafasi ya kahawa: hapana, hiyo ni kichocheo kingine kabisa na madeni yake ni mengine.

Kuhusu enaji na pombe nitasema kifupi, juu hii wikendi wengi mtachanganya. Kafeini haitoi pombe kwa damu. Inakufanya tu usijisikie umelewa vile umelewa. Ukishika usukani au nduthi hapo, unadhani uko sawa na hauko.

Sasa ile ya kuuma. Kuna watu hawawezi kuacha kwa sababu kafeini ndiyo inashikilia ratiba isiyowezekana. Soldia wa mlango anayepiga usiku na asubuhi ana kibarua kingine. Mwanafunzi anayeendesha nduthi usiku kulipa karo. Ukimwambia huyo "acha kahawa" unamwambia alale kazini na afutwe. Mimi nilibahatika, niliongea na supavaiza akanihamisha kwa shifti ya jioni, nikaanza kulala saa saba za usiku. Kama hiyo haiwezekani kwako, angalau isukume kafeini yote mwanzo wa shifti, ile nusu ya mwisho ukae na maji, na ukifika keja ufunge pazia ulale. Dakika ishirini za kusinzia wakati wa mapumziko zinafanya kazi ambayo mkebe hauwezi, maana hizo zinawapunguza abiria wenyewe pale stejini.

Pia usifanye kila kichwa kuwa cha kahawa. Kikikuja ghafla kama radi, kikali kuliko chochote umewahi kusikia, kikija na homa na shingo kukauka, kutapika sana, mkono au mguu upande mmoja kulegea, au kifua kuuma, enda hospitali sasa hivi, usimalize kusoma. Kama umetoka Kisumu au Pwani majuzi na una homa, pimwa malaria. Na kikipita siku kumi tangu uache na bado kinagonga, si kahawa tena, tafuta daktari akuangalie.

Kama hulali vibaya, moyo uko sawa na mfuko unaruhusu, hakuna mtu amesema uache. Kikombe viwili asubuhi havijawahi kuwa dhambi. Mimi mwenyewe sikuacha mpaka sifuri. Nimebaki na kimoja, saa nne asubuhi, cha mbao, hapo hapo stejini.

Mzee wa thermos ndio hakufurahia. Siku ya kwanza nilipompita jioni bila kusimama aliniita, "Kijana, nimekukosea nini?" Nikarudi nikamweleza yote, kichwa, moyo, tembe, viti vya mathree. Alinisikiliza mpaka mwisho akimwagia mteja mwingine. Halafu nikamuuliza, "Na wewe mzee, unakunywa ngapi kwa siku?"

Akacheka, akainama chini ya meza, akatoa thermos ingine ndogo. "Mimi? Hii ingenimaliza zamani. Mimi nakunywaga uji."